Mwalimu na Kiti cha Jikoni

Nimefundishwa na watu wengi, wengine wana shahada za kutisha, lakini aliyenishtua ni mmoja tu, na hajaacha kunishtua mpaka mwaka huu. Alikuwa mwalimu wetu wa Fasihi ya Kiingereza, somo ambalo sisi wanafunzi tuliliita Litricha, katika shule moja ya sekondari huku milimani Mbinga. Jina lake silitaji. Huku kwetu ukisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu watu wanajua unamsema yeye, ingawa walimu wamejaa wilaya nzima.

Siku ya kwanza aliingia darasani na riwaya kuukuu ya Kiingereza, jalada limebanduka, akamwambia msichana wa mbele asome ukurasa wa kwanza. Bwana mmoja tajiri anashuka ngazi asubuhi, amevaa shati jeupe, anakwenda kunywa chai. Msichana hakufika mbali. Mwalimu alinyanyua mkono.

"Nani amelifua?"

Tukatazamana. "Nini, Mwalimu?"

"Shati. Bwana mkubwa ameshuka na shati jeupe pee. Kalifua nani?"

Mmoja wetu kule nyuma akajibu kwamba kitabu hakijasema.

"Vizuri. Kitabu hakijasema. Basi hiyo ndiyo kazi yetu hapa. Yaliyosemwa mtayasoma wenyewe bwenini."

Tukadhani ni mzaha. Jamani! Yule mtu alivua koti, akavua shati lake jeupe, akabaki na fulana mbele ya wasichana, kisha akatutoa darasa zima mpaka mtoni. Ilikuwa Julai. Asiyeijua Julai ya Mbinga asidhani natia chumvi: ukungu unakawia kuondoka na maji ya mto yanauma mpaka kwenye mifupa. Sabuni alitukataza. Alisema katika enzi za riwaya ile sabuni ya Waingereza ilitozwa ushuru, na mfuaji maskini alijitafutia majivu. Tukalifua shati lake kwa majivu, kwa zamu, vidole vikafa ganzi. Msichana mmoja alilia kwa baridi. Mwalimu, ambaye na fulana yake alikuwa anatetemeka kuliko sisi, akatuambia sasa turudi tukausome tena ule ukurasa. Tukausoma. Yule bwana niliyempenda asubuhi nilitamani nimvue lile shati kwa mikono yangu.

Ndivyo alivyofundisha. Riwaya za Kiingereza tulizokuwa nazo zilibaki kwenye makabati ya maktaba tangu zama za wamisionari, nyingine zimeliwa na mchwa mpaka zinakosa mwisho. Kwake zile zisizo na mwisho zilikuwa ndizo nzuri, kwa sababu alituambia tutafute mwisho kwa kuuliza ardhi ilikuwa ya nani, mkate ulipatikanaje, na nani alikuwa na haki ya kupiga kura mwaka ule. Ukimwambia "mwandishi anatufundisha kwamba mapenzi ni kitu kizuri" alikutoa nje. Fimbo hakuitumia, lakini kutolewa nje na Mwalimu kuliuma zaidi, maana ulisikia wenzako wanacheka ndani na hukujua wanacheka nini.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kanisani. Koti lake la sufu alilinunua mnadani, kwenye mitumba, akapenda kulitania kwamba limetoka Uingereza bila pasipoti. Kwa upande wake Uingereza hakuwahi kufika. Tulipomuuliza kama hatamani kwenda kuiona, alishangaa kabisa.

"Nikaone nini? Nitaikuta ya leo. Ya leo hainihusu."

Lipo jambo la sukari, nalo siwezi kuliacha. Kulikuwa na sura moja ambamo kina mama wa Kiingereza wamekaa sebuleni wanakunywa chai na kusengenyana. Sisi tulifurahia masengenyo. Mwalimu akauliza sukari imetoka wapi. Akatuchorea ubaoni visiwa, na meli, na pwani ya Afrika, akatueleza watu waliosombwa kwenda kuikata ile miwa, na watoto waliokufa, na jinsi ambavyo kila kijiko kwenye kikombe kile cha maua kilikuwa na mtu ndani yake. Alieleza kwa sauti ya chini, hakupamba. Wasichana wawili walitoka nje kutapika. Kwa juma zima bwenini hakuna aliyetia sukari kwenye uji, na mpishi akaenda kushtaki kwa mkuu wa shule kwamba tumegoma.

Sasa sikia. Juma lile lile nikatumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Nikamkuta Mwalimu peke yake na kikombe cha chai, anatia sukari, anatia, anatia. Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Aliniona, wala hakuficha kijiko.

"Binti wa Litembo," akaniambia, maana kwetu ni Litembo na ndivyo alivyoniita mpaka namaliza shule, "kujua si kuacha."

Akakoroga. Nilicheka kwa sababu yeye alicheka, na kwa miaka mingi nilikisimulia kisa kile kama kichekesho. Nilikuwa sijui nacheka nini.

Aliwahi pia kutupeleka ziwani. Riwaya ilikuwa na bahari, na wengi wetu, watoto wa mashamba ya kahawa, maji makubwa tuliyoyajua ni ya kwenye ndoo. Tukateremka Mbamba Bay kwa lori la shule. Nyasa ilikuwa inavuruga mawimbi siku ile, wavuvi wameanika usipa, dagaa wa ziwa lile, mchangani, na sisi tulisimama tumeshikana mikono kwa hofu. Mwalimu akatuelekeza ng'ambo, Malawi. Kule, alisema, babu zao walifundishwa kusoma na Waskoti. Hapa babu zetu walifundishwa na Wajerumani. Baadaye Mwingereza akaja akakuta majina yameshagawiwa.

"Ndiyo maana huyu anaitwa Edeltruda," akasema akimshika bega binti mmoja, "na wa umri wake kule ng'ambo anaitwa Margaret. Msije mkasoma kitabu cha mtu mkadhani ninyi hamumo."

Edeltruda huyo alikuwa binti yake. Tulisoma naye darasa moja, na ndiye aliyekuwa akibeba kiti.

Kiti chenyewe ni kigoda cha jikoni, cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi, alichokaa mama yake Edeltruda akisonga ugali. Kila Ijumaa Mwalimu alikitaka shuleni, na Edeltruda alikibeba kichwani kutoka nyumbani kwao Matiri, kwa mguu, asubuhi na mapema, kisha jioni akakirudisha ili mama yake apate pa kukalia. Ijumaa ilikuwa siku ya sengu. Sisi Wamatengo tunalijua neno hilo, lakini nieleze kwa wengine: zamani wanaume wa ukoo mmoja walikutana kula pamoja na kuamua mambo yao, mashamba, mahari, ugomvi, na hapo palikuwa sengu. Wanawake walileta chakula kutoka kila nyumba, wakakiweka, wakarudi jikoni.

Mwalimu alituambia mabwana wa Kiingereza nao walikuwa nayo. Baada ya chakula cha jioni wake zao waliinuka wakaenda chumba kingine, wanaume wakabaki na mvinyo wao, na mambo yakaamuliwa hapo. "Sengu hiyo," akasema. "Wameiwekea mishumaa tu." Kwa hiyo Ijumaa tulikaa nje kwa duara, tukala ugali tuliopika wenyewe, tukawahukumu watu wa riwaya kama wazee wanavyohukumu kesi ya ukoo. Mmoja alikuwa baba mwenye shamba, mwingine mwana mlevi, mwingine padri wao mwenye mke, jambo lililotuchekesha sana sisi Wakatoliki. Na mmoja wetu aliwekwa kwenye kile kigoda. Huyo alikuwa yule asiyesema kitabuni: mpishi, yaya, mfuaji, mtu anayetajwa mara moja akifungua mlango. Kanuni ilikuwa kali. Aliyekaa pale hasemi mpaka wote wamalize. Wakimaliza, anasema yeye, neno moja au mengi apendavyo. Na akishasema hajibiwi. Mkutano umekwisha, tunafunga kwa neno lake.

Siku moja mkaguzi kutoka wilayani alitukuta katika hali hiyo, tumezunguka sufuria, tunapiga kelele kuhusu mahari ya Mwingereza. Alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mgeni kwetu, amevaa tai.

"Hiki ni kipindi gani?" akauliza.

"Litricha," Mwalimu akamjibu. "Karibu ugali."

"Na huyo aliyenuna hapo kwenye kigoda?"

"Huyo ni yaya. Subiri, atasema."

Mkaguzi alisubiri. Alikaa chini na tai yake, akanawa, akala, na yaya aliposema yale aliyoyasema juu ya tajiri wake mkaguzi alitaka kubisha. Mwalimu alimziba mdomo kwa mkono mbele yetu sote. Mkaguzi wa serikali! Tulidhani Mwalimu kazi imekwisha siku ile. Badala yake yule bwana akarudi Ijumaa iliyofuata, bila tai.

Kuna riwaya moja hasa iliyomtesa Mwalimu. Mzee mwenye nyumba na mashamba ana binti mmoja tu, ambaye ndiye anayemuuguza. Mzee anakufa, na kwa taratibu za enzi zile mali yote inakwenda kwa mpwa wa kiume, baharia asiyejua hata shamba linaanzia wapi. Binti anatoka nyumbani kwa baba yake amekumbatia saa ya ukutani. Mwalimu alitueleza sheria ile ya urithi ilivyofanya kazi, nani aliitunga na iliwafaa kina nani. Alituonyesha kwamba mwandishi hakuipigia kelele kwa sababu wasomaji wake waliiona ya kawaida. Kisha akafika pale pa saa ya ukutani, akashindwa kuendelea. Alitoa leso. Mwanamume mzima wa Kimatengo, analia darasani kwa ajili ya binti wa Kiingereza ambaye hajawahi kuwako! Sisi tulishikwa na bumbuwazi, na kutoka siku hiyo tungemfuata popote.

Nikasoma nikaenda chuo kikuu kwa sababu yake, nikarudi kufundisha somo lile lile, na kigoda nimejinunulia changu. Jambo moja tu nililiona tangu shuleni bila kulipa maana: Edeltruda alikibeba kiti kile Ijumaa zote, lakini Mwalimu hakumchagua hata mara moja akikalie.

Juni mwaka huu, kahawa zimeanza kuiva, alinipigia simu. Alishastaafu zamani, mkewe alishafariki, na miguu yake haikuwa na nguvu tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Njoo Jumamosi. Nakutaka uwe shahidi wa jambo."

Nilifurahi, nikidhani anataka kunikabidhi vitabu vyake. Nikapanda bodaboda mpaka Matiri, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma yangu kama zawadi. Nilimkuta sebuleni amevaa koti lake na shati jeupe lililonyooka. Walikuwapo wazee wawili wa ukoo, mmoja akiitwa Mzee Menrad, na kijana mnene wa kupendeza aliyeitwa Otmar, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye ana duka Songea. Edeltruda alitoka jikoni kunisalimia, mikono ina unga, akarudi. Yeye aliacha kazi ya chekechea mjini Mbinga mama yake alipoanza kuugua, akaja kumuuguza, na baada ya msiba akabaki na baba na kahawa.

Mwalimu hakuzunguka. "Nimewaita nikiwa hai ili nikifa msigombane. Nyumba hii na kahawa yote ni ya Otmar. Edeltruda atakaa mpaka arobaini yangu ipite, kisha atafute pake. Binti wa Litembo ni shahidi."

Nikamtazama usoni nikitafuta mzaha, maana mtu huyu alishatupeleka mtoni Julai. Sikuuona. Wazee waliitikia kwa vichwa, na Otmar aliinamisha macho kwa adabu.

"Mwalimu," nikasema, "ile riwaya ya saa ya ukutani."

"Naikumbuka."

"Ulilia!"

"Nililia. Lazima ulie, ukiisoma vizuri." Alikuwa mtulivu kabisa. "Lakini nilikufundisha nini? Usimhukumu mtu kabla hujajua anaishi wapi na anaogopa nini. Haya, jua. Mlima huu ni wa ukoo. Mashimo haya ya ngolo yanayoshika udongo usiporomoke babu zangu waliyachimba kwa mikono. Edeltruda akiolewa kesho, mlima unahama na mume. Otmar kwangu ni mwana. Mimi si wa kwanza kuogopa hivyo, hata yule mzee wa Kiingereza aliogopa."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua kuliko wote mliopo humu." Akanitazama, na ile sura ya ofisi ya walimu ikarudi, ya mtu mwenye kijiko mkononi. "Kujua si kuacha, binti wa Litembo."

Kichekesho nilichokisimulia miaka yote kiligeuka mbele yangu, na nikamchukia mtu niliyempenda kuliko walimu wote. Nasema kweli, nilimchukia.

Edeltruda akaleta chakula, ugali na maharage na usipa wa kukaanga. Alituwekea, akatunawisha mmoja mmoja, akaanza na baba yake, akampandishia mikono ya shati ili isilowe. Kisha akatoka, nasi tukajua amerudi jikoni kama ada. Lakini alirejea. Alikuwa amebeba kile kigoda cheusi cha miguu mitatu. Akakiweka karibu na mlango, akakaa, akatulia.

"Dada, viti vipo," Otmar akamwambia kwa upole.

Hakujibiwa. Mimi nilishaacha kutafuna. Mwalimu naye mkono wake ulisimama juu ya sahani, tonge halijafika mdomoni, na katika chumba kile ni sisi watatu tu tuliojua kilichotokea. Wazee waliendelea kula. Walizungumza juu ya mipaka, juu ya mashine ya kumenya kahawa iliyoharibika, juu ya Otmar atakavyotafuta vibarua. Mwisho Mzee Menrad akafuta midomo, akasema kama hakuna la zaidi tufunge kwa sala.

"Lipo," akasema Edeltruda.

Wazee wakageuka kwa mshangao. Hakusimama, wala hakupaza sauti.

"Baba, shati hilo ulilovaa. Kalifua nani?"

Mwalimu alitazama kifua chake.

"Mmesema habari za ukoo mpaka mmemaliza," Edeltruda akaendelea, "na babu waliochimba, na mwana, na mume wangu ambaye hayupo. Aliyemwogesha mama hakutajwa. Anayekuogesha wewe hakutajwa. Basi naomba nitajwe. Shati nimelifua mimi, kahawa naichuma mimi, na hapa sitoki."

Otmar aliweka sahani chini. "Dada, nisikilize kidogo, hata mimi sipendi iwe hivi, ila taratibu za ukoo—"

Mwalimu akanyanyua mkono.

"Hajibiwi."

"Baba Mdogo, nilitaka tu kumwelewesha kwamba—"

"Aliyekaa pale hajibiwi."

Mzee Menrad alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akaona hapati msaada. "Sasa tunafunga kwa neno gani? La kwako au la huyu?"

Nje nilisikia watoto wakipita na vikapu vya kahawa. Nilimwona Mwalimu anamtafuta Edeltruda kwa macho, na Edeltruda hakumsaidia, alibaki anamtazama tu.

"La huyo," akasema.

Kisha akashika fimbo yake, akajiinua polepole, akaanza kukusanya sahani. Alianza na ya Mzee Menrad, akaweka ya Otmar juu yake, zikagongana.

"Mwalimu, acha," Mzee Menrad akamwambia, karibu kwa hofu. "Wanawake wapo."

Mwalimu alipita na sahani zake mbele ya binti yake, fimbo kwapani, akashika ukuta, akaelekea jikoni. Niliinuka nimsaidie, na Edeltruda, bila kuondoka kwenye kile kigoda, akanishika gauni akaniketisha.